Twiga Kwenye Kundi la Hesabu

Je, wanangu, mmewahi kumwona mtu akivunja sheria bila hata kuigusa? Mimi nimemwona, tena chini ya paa langu.

Kila jioni, akishaosha vyombo, mjukuu wangu Kiberiti alichukua simu ya mama yake na kufungua kundi la darasa la sita. Humo mwalimu aliweka maswali ya hesabu. Msimamizi wa kundi alikuwa rafiki yake, binti wa fundi cherehani, na hilo lilimkwama Kiberiti kama mwiba wa samaki kooni. Si yeye ndiye wa kwanza darasani? Kwa nini achaguliwe mwingine?

Sheria ya kundi ilisema: "Usimtukane mtu kwa jina." Basi Kiberiti akaandika: "Kuna watu wakipewa cheo kidogo tu, shingo inarefuka kama ya twiga!"

"Acha vijembe," msimamizi akamjibu.

"Kwani nimemtaja nani? Soma sheria yako!"

Binti wa fundi akaongeza sheria: kuandika vijembe marufuku. Kiberiti akatuma picha ya twiga. "Sijaandika kitu, mwenzangu. Hiyo ni sayansi."

Akaendelea kutuma twiga wengine, na wenzake wakaiga. Siku ya tatu, maswali yalikuwa yamezama chini ya punda, nyani na bata. Mwalimu akatangaza kuwa kesho yake atalifunga kundi, na mtihani ulikuwa wiki iliyofuata.

Jioni hiyo binti wa fundi alikuja kwetu, macho mekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni?"

Akamgeukia Kiberiti. "Mwambie mwalimu akupe wewe usimamizi, asilifunge kundi. Mimi nimeshindwa."

Kiberiti akainamisha kichwa.

"Haya, umekipata ulichokililia," nikamwambia. "Mbona hucheki? Sheria ni kama ua wa nyumba. Hata ukiuziba vipi, mwenye nia mbaya hakosi kuona tundu. Nyumba inalindwa na majirani wema."

Kiberiti alifuta twiga wake mmoja mmoja, akawaomba wenzake wafute wanyama wao, kisha akamwandikia mwalimu kuomba radhi. Mwalimu akajibu kwamba kundi litabaki, na msimamizi ni yuleyule.

Kiberiti akaweka simu mezani.

"Nilikuonea wivu," akamwambia rafiki yake. "Nilitaka nichaguliwe mimi. Na ulipochaguliwa wewe, nilitaka angalau uniombe nikusaidie."