Bi Pazia wa Darajani

"Mguu mwema uingie, mbaya ubaki nje ukajifunze adabu!"

Bibi mwenye kimo cha shubiri alisimama juu ya meza, mikono kiunoni, mwili wake nuru tupu. Mbele yake wachezaji watano, watu wazima na ndevu zao, walikuwa wakimbembeleza awaruhusu kuvuka daraja. Walikuwa wametumwa kumwokoa mfalme, lakini mfalme walishamsahau; robo saa nzima wanaomba radhi kwa kuwa hawakupiga hodi. Watazamaji walivunjika mbavu.

Hiyo ndiyo mezahai, meza ya kuchezea simulizi, fahari ya jiji la Morogoro mwaka wa 2093. Katika mchezo wa simulizi kila mchezaji ana mhusika wake. Wale wengine wote wasio na mchezaji, wauza duka, walinzi, wapishi, huitwa wapitaji. Zamani msimuliaji mmoja aliwasemea wote kwa kinywa chake, basi wakafanana kama mapacha. Mezahai ilimpa kila mpitaji sauti yake na hasira zake. Na kati ya wapitaji elfu nne, hakuna aliyependwa kama huyu Bi Pazia. Mhandisi Semeni ndiye aliyemuunda, na wiki ijayo Bi Pazia angepelekwa kwenye meza za miji sitini.

Semeni, moyo umemjaa furaha, akaenda kumpasha habari shangazi yake Tausi. Maana, tuseme kweli, Bi Pazia hakutoka hewani. Shangazi Tausi alifanya kazi kwenye mizani ya malori miaka thelathini, na hakuna dereva ambaye hakuuogopa ulimi wake. Kwa miezi saba Semeni alikuwa akimrekodi kwa siri, kisha akaulisha mtambo maneno yake yote. Kuomba ruhusa? Aa wapi! Shangazi ni shangazi bwana, cha kwake ni chako. Ndivyo alivyojiambia.

Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, ya tatu. Mlango ulikuwa wazi, akachungulia, akamwona shangazi ameketi na ungo wa mchele mapajani, anamtazama tu.

"Shikamoo, shangazi. Mbona huitikii?"

"Marahaba. Niitikie nini? Juzi mgeni kapiga hodi, nikamjibu nilivyojibu maisha yangu yote. Akacheka mpaka akashika ukuta. Eti, 'Bibi, na wewe unamuiga Bi Pazia!' Zahanati hivyo hivyo. Wajukuu zangu hivyo hivyo. Semeni, mimi namuiga nani?"

Aibu ilimpanda Semeni mpaka masikioni.

"Nilidhani utafurahi, shangazi. Yule ni wewe."

"Ni mimi? Haya, nipeleke nikajione."

Kesho yake mchana, katika ukumbi wa mezahai uliojaa watazamaji, Shangazi Tausi alikaa kwenye kiti cha mchezaji, kanga kaifunga kibwebwe.

"Hodi hapo darajani!"

"Mguu mwema uingie, mbaya ubaki nje..."

"Ukajifunze adabu! Maneno yangu hayo, mwizi mkubwa we!"

Mezahai huipima sauti ya kila mchezaji kabla ya kumjibu. Ikaipima ya Tausi, ikaiona inafanana mno na ya mpitaji wake, ikaamua kwamba huyu ni mwigaji. Bi Pazia akamkodolea macho.

"Looo! Bibi mzima, huoni haya kuiga? Nenda katafute maneno yako!"

Watazamaji wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Shangazi Tausi alifungua kinywa, akakifunga. Mwanamke aliyewanyamazisha madereva miaka thelathini alikosa la kusema, machozi yakimlengalenga.

Semeni akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye ubao wa kuongozea mtambo. Mkuu wake, Bwana Mloka, akamdaka mkono.

"Una wazimu? Miji sitini inasubiri! Ukimfuta huyo pamoja na rekodi zake, harudi tena."

"Ndiyo maana namfuta," Semeni akasema, akauchomoa mkono wake. "Asirudi."

Akabonyeza. Bi Pazia akatoweka. Ukumbi ukamzomea, wengine wakasimama kabisa. Daraja likabaki bila mlinzi na njia nyeupe, wala hakuna mchezaji aliyetaka kuvuka.

Akarudi kwa shangazi yake, pale kwenye kiti cha mchezaji.

"Nimemfuta, shangazi. Na rekodi zote. Maneno yako nimekurudishia."

"Umeyafuta mezani. Vinywani mwa watu je?"

Semeni akageuka, akawatazama watu waliokuwa bado wakimzomea.

"Haidhuru," Tausi akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nitatunga mengine. Mizani nimestaafu, ulimi haujastaafu. Ila wewe hutayasikia. Ukija kwangu nitakupokea kwa heshima, kama bwana afya aliyekuja kukagua choo."

Maneno hayo yalimuuma Semeni kuliko kuzomewa na ukumbi mzima.

"Nitakuja kesho, shangazi."

"Karibu."

"Na keshokutwa. Na mwezi ujao. Na mwakani, mpaka unitukane kama zamani."

"Karibu," Shangazi Tausi akajibu, kwa sauti laini, safi, isiyo na chumvi hata punje, sauti ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote.