Aliyekanyaga Mara ya Pili

Asubuhi moja, Mbugani, gia ya pili ilikwaruza kidogo wakati wa kuingia, na mtu akasonya ndani ya kabini. Msonyo mrefu, wa mdomo uliokauka. Ambilikile akageuka. Alikuwa peke yake.

Akadhani ni upepo. Mtu kama yeye hasonywi, yeye ndiye husonya. Lori lake, mali ya mzee Hezroni mwenye mpunga, lilikuwa la jeshi, la zamani, lenye boneti kama pua ya kiboko, na gia zake hazikubali mzaha. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia. Kama unashusha gia, unapiga resi injini ipande. Unakanyaga tena, ndipo unaiingiza. Ukikosea, meno yanasaga mpaka kuku wanakimbia. Kyela nzima aliyeliweza ni yeye, naye alihakikisha Kyela nzima inajua.

"Yusto," alimwambia dereva wa Fuso pale yanapopakia malori, "wewe huendeshi gari. Unasukuma toroli lenye redio."

"Na wewe unaendesha kaburi," Yusto akajibu. "Ndiyo maana linanuka."

Lilinuka kweli. Tangu asubuhi ile kabini ilikuwa na harufu ya buti zilizolowa na grisi ya bunduki, hata jua likiwaka. Na misonyo iliendelea. Akichelewa kuachia, msonyo. Resi ikizidi, msonyo. Siku moja, njiani kwenda Makwale, sauti ikasema karibu kabisa na sikio lake la kulia, upande wa mlango, ambako hata paka asingepata pa kukaa:

"Toa huo ukwato wako, raia. Unaniumizia gari."

Mcha Mungu angesimamisha lori akamkimbilia mchungaji. Ambilikile akatoa mguu. Klachi ikazama yenyewe, ikapanda, ikazama tena, na gia ikaingia kama kijiko kwenye mtindi.

Hapo ndipo jini lilipompata. Halikumtisha, lilimdharau tu, naye akaridhika kudharauliwa mradi watu wasijue. Maana watu walisimama kando ya njia kusikiliza lori likibadilisha gia bila hata kukohoa, wakasema, "Huyo ni Ambilikile," naye akawapungia mkono kama askofu, huku mguu wake wa kushoto umekunjwa pembeni kama mgeni asiyepewa kazi.

"Baba Lugano," mkewe Winnie akamuuliza, "mbona unanuka buti na huna buti?"

Akamwambia wanawake hawajui mambo ya magari.

Jumapili moja kwaya ya akina mama ikaliomba lori hilo ili iende kuimba kanisa la bondeni, nyuma ya Makwale, ng'ambo ya daraja la mbao. Mvua ilikuwa imeharibu njia, Fuso zisingefika. Yusto akawaambia wazi: "Lile lori lina kitu. Mwambieni mwenyewe aseme."

Felista, kiongozi wa kwaya, mwanamke mzito wa mwili na wa imani, akapanda kabini, akanusa.

"Dereva, humu mna nini? Kama kuna jambo, sema, tuombe kabla hatujaondoka. Kusema si aibu."

Ilikuwa kusema tu, jamani. Lakini kusema kulikuwa kukiri kwamba zile sifa zote si zake.

"Humu mna dereva, mama," akajibu. "Ninyi imbeni. Udereva niachieni."

Wakaimba. Walipofika juu ya mteremko wa daraja, Ambilikile akachomoa gia ya tatu, akasubiri mwenzake afanye kazi. Wakati huohuo Felista, ambaye harufu ile haikumwacha, akabandika kiganja juu ya dashibodi: "Kwa jina la Yesu, chochote humu kisicho chako, Bwana, kitoke sasa hivi!"

"Amina!" wakaitikia wa nyuma.

Harufu ikakatika. Pedeli ikapanda, ikatulia, ikawa chuma tu.

Lori likabaki frii, bila gia yoyote, likaanza kushuka, kwanza taratibu kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji, kisha kwa pupa, akakanyaga breki zikashika kidogo zikaachia, akapeleka mguu wa kushoto kwenye klachi nao ukapapasa pale kama mzee anayetafuta kandambili gizani, akakanyaga mara moja akasahau ya pili, meno yakasaga, akapiga resi kabla ya kuachia, yakasaga tena, na wale akina mama nyuma, wakidhani ni raha ya mteremko, wakazidi kupaza sauti, huku daraja likija, jembamba, halina hata kamba ya pembeni, na mto chini yake umejaa maji mekundu, na Ambilikile alikuwa na wawili wa kuwaita, mmoja akiimbwa na wanawake wote mgongoni kwake, ambaye kumwita mbele ya Felista kungekuwa kusema nimeshindwa, na mwingine ambaye angeweza kumwita kwa kunong'ona bila mtu kujua, naye akamnong'oneza huyo wa pili:

"Rudi."

"Nirudi wapi, raia? Humo nimefukuzwa."

"Popote. Rudi kwangu."

Baridi ikapita chini ya goti. Mguu wa kushoto ukakanyaga wenyewe, ukaachia, ukakanyaga. Gia ikaingia. Lori likapita darajani likiguna, mbao zikilia chini yake.

"Ndaga fijo, dereva, asante sana!" akina mama wakapiga vigelegele wakishuka. Felista machozi yalimtoka. "Mungu ametusikia! Twende, baba, ukashuhudie mbele ya watu."

Wakamvuta mkono mpaka mlangoni mwa kanisa. Mguu wa kulia ukavuka kizingiti. Wa kushoto ukagoma. Akauvuta, haukuja, ulisimama nje kwenye tope, mzito, umenyooka kama wa askari wa zamu.

"Ingia basi, baba."

"Tangulieni, mama. Mimi nalinda gari."

"Nani aibe lile?"

Analilinda mpaka leo. Hata Lugano, mwanawe, alipofunga ndoa, baba mtu alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na waliomsihi aingie aliwatazama kwa dharau, akawaambia hawajui thamani ya lori.