Barua ya Macho ya Mama

Siku hizo Mama Kija alichambua mchele kwa vidole. Aliketi mlangoni pa nyumba ya kaka yake, pale Mkolani, ungo magotini, akipapasa punje. Jiwe akilipata alilitupa nje. Mengine yalimpita, na watu waliyatafuna wakanyamaza kwa heshima.

Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Shamba lake la Magu aliliacha, akaja mjini kungoja tiba. Binti yake Kija alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kipya, mbele ya Mkolani, kando ya ziwa. Kila Jumapili alikuja kumsuka mama yake na kumpa habari.

Mama alikuwa na hasira zake, wala hakuzificha. Mwaka uliopita madaktari wa macho walifika hospitali ya misheni, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Barua ya kumwita iliandikwa. Ikaja kwa sanduku la posta lililotumiwa na kijiji kizima. Mtu aliyekwenda mjini akaichukua, akamwachia katibu wa kijiji. Katibu akaifungua, akaisoma, akaiweka chini ya mkebe wa majani ya chai. Ilipomfikia Mama Kija, madaktari walikwisha ondoka.

"Zamani walituambia pamba ipite kwa ushirika, barua ipite kwa katibu," alisema Mama. "Sasa wanasema ni soko huria, kila mtu auze atakako. Pamba wameiachia. Barua yangu wataiachia lini?"

Kija akamwambia kwamba mwaka huu mambo ni tofauti. Chuoni kuna chumba cha kompyuta. Kompyuta hizo zimeunganishwa na waya wa simu, na barua inayoandikwa humo huitwa barua pepe. Inafika mbali kabla chai haijapoa. Mtawa mmoja anayefanya kazi zahanati alimpa anwani ya madaktari, naye amekwisha waandikia. Anangoja jibu.

"Na hilo sanduku lenu jipya, katibu wake nani?"

"Halina katibu, mayu," alijibu Kija, akimwita mama yake kwa Kisukuma.

Hapo Kija alikosea, ingawa hakujua.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine chache na foleni ndefu. Laini ya simu ilikatika kila mara. Kwa hiyo Kija na wenzake wa bweni, wote watoto wa vijijini, walifanya kama walivyozoea kwao. Walifungua sanduku moja la barua pepe kwa chumba kizima. Neno la siri la kulifungulia lilikuwa moja, na wote walilijua. Aliyepata zamu aliwasomea wenzake barua zao, akarudi na habari kichwani, kama mtu anayetoka posta na kikapu cha barua za majirani. Waliona huo ndio undugu.

Jioni moja walikuwa wakifua. Rose, anayelala kitanda cha juu ya Kija, akauliza kama bandeji za mama zimetolewa.

"Bandeji gani?"

"Si za macho? Wale madaktari si walikujibu? Niliisoma mwenyewe, nikadhani nawe umeiona. Walisema wanakuja mwezi huu, wakataka uthibitishe kama mama atafika."

Kija akaiacha nguo ndani ya beseni. "Iko wapi hiyo barua, Rose?"

Rose akaitazama mikono yake yenye povu. Alisema sanduku lilijaa, likakataa barua mpya, naye akafuta zote zilizokwisha somwa. Barua ikisomwa si imefika?

"Imefika kwako," alisema Kija.

Aibu ilimzidi hasira. Alimwambia mama kwamba katibu hayupo, kumbe katibu analala kitanda cha juu yake.

Akakimbilia chumba cha kompyuta kabla hakijafungwa. Msimamizi wa chumba hicho alikuwa dada Adongo, mtu wa Mara, asiyeishiwa utani. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kule bweni una sanduku la bati?" aliuliza. "Funguo za kufuli lake wanazo wangapi?"

"Ninao mwenyewe."

"Basi nguo zako unazipenda kuliko macho ya mama."

Kija akaanza kulia.

"Utalia baadaye," alisema Adongo. "Sasa andika. Barua iliyofutwa sitaweza kuirudisha, lakini aliyeiandika bado yupo."

Akamwonyesha jinsi ya kufungua sanduku lake mwenyewe. Ni bure, kila mtu anaweza kuwa nalo. Alimwambia achague neno la siri ambalo si jina lake wala la chuo, na asimpe mtu, hata rafiki. Akimaliza kusoma, alifunge sanduku kabla hajainuka kitini, la sivyo anayekaa baada yake atazisoma barua zake. Barua muhimu aichapishe kwenye karatasi.

Laini ikakatika katikati. Watu wa foleni wakanung'unika. Waliposikia ni habari ya macho ya mama wa mtu, wakatulia. Adongo akaunganisha tena, na barua ikaenda.

Asubuhi jibu lilikuwapo. Nafasi haijapewa mwingine. Mama aje Alhamisi.

Kija aliichapisha, akaipeleka Mkolani, akasema ukweli wote. Mama akaipapasa ile karatasi.

"Afadhali katibu huyu amekiri," alisema.

Alhamisi walivuka kwa kivuko cha Kamanga. Rose ndiye aliyebeba mkoba. Mama alipasuliwa, na bandeji zilipotolewa alimtazama Kija, akamwambia amekonda. Bwenini, kila msichana akafungua sanduku lake.

Mama alipopata nguvu, alitaka kupelekwa chuoni kushukuru. Adongo alimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyenipa macho?"

"Ni madaktari, mama. Mimi kazi yangu kufungua mlango."

"Milango mingi nimeikuta imefungwa," alisema Mama. "Mungu akuzidishie."

Akaomba madaktari nao waandikiwe ahsante. Kija akakaa kwenye kompyuta, akaanza kuandika neno lake la siri. Mara Mama akageuza uso dirishani, asilione.

"Wewe angalia tu, mama," alisema Kija.

"Andika," alisema Mama. "Mimi nina ya kuangalia."

Nje lilikuwapo ziwa, na mawe makubwa, na mtu anayeanua nguo. Akaviangalia kimoja kimoja.