Siku Niliyonyamaza Kuhusu Bijou

Kila asubuhi kabla ya shule nilimchunga Bijou, ng'ombe wa Papa Kasonde, mzee wa mtaani kwetu, kando ya barabara ya Kasapa. Nikiona dalili za joto, yaani za kutaka dume, nilipaswa kusema upesi ili daktari wa mifugo Edouard aitwe, aje kumtia kwa mrija mbegu za dume wa ng'ombe wa maziwa. Mara mbili mbegu hazikushika. Papa Kasonde alikuwa ameapa kwamba mwezi huu ukipita bila mimba, Bijou anakwenda kwa mchinjaji.

Jumatatu Plamedie, binti ya Papa Kasonde, aliziba pua darasani. "Falonne iko na harufu ya mavi ya ngombe!"

Darasa zima likacheka. Na ng'ombe mwenyewe ni wao! Niliapa kwamba atalia kuliko nilivyolia mimi.

Jumatano Bijou alisimama tuli huku ng'ombe wa jirani akimpanda, ute mwangavu ukimning'inia nyuma. Nilijua maana yake, na nilijua joto halikawii kwisha.

"Bijou iko namna gani?" aliuliza Papa Kasonde.

"Hakuna kintu, papa."

Njiani kwenda shule, akilini mwangu, nilimwona Plamedie, aliyempenda sana Bijou, akilia, kamba ya Bijou ikiwa mkononi mwa mchinjaji. Nakiri, nilisikia utamu.

Mchana Mama alinipakulia bukari, ugali wetu, huku akitabasamu. "Papa Kasonde alipita. Anasema ndama ya kwanza ya Bijou itakuwa yako, kwa sababu haumudanganyaka hata siku moja."

Nililirudisha tonge sahanini. Nilikimbia hadi kwa Papa Kasonde, nikasema yote, Plamedie akisikia.

Papa Kasonde alimpigia simu Edouard, naye akafika jioni kwa pikipiki, mtungi wa mbegu ukifuka moshi wa baridi.

"Joto likionekana asubuhi, jioni njo saa ya kutia mbegu," alisema akivaa glavu ndefu. "Kesho tungekuwa tumechelewa."

Baada ya miezi mitatu alimpima Bijou, akatuambia ana mimba. Tulipiga vigelegele. Ndipo Papa Kasonde akaniita.

"Falonne, ulitaka kumulipiza Plamedie, lakini kisu uliweka kwa shingo ya Bijou. Bijou ilikukosea nini?"

Niligeuka nikamtazama Bijou, aliyekuwa akicheua.

"Mwenye hasira aseme hasira yake kwa aliyemukosea. Asidanganye. Ndama ya kwanza haitakuwa yako. Ya pili, tutaona." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe uliyemuchekelea, kuanzia kesho mutachunga pamoja."

Sasa Plamedie ananuka mavi kama mimi, na darasani hakuna anayeziba pua.