Banda la Nailoni na Nyumba Isiyosemezana

Asubuhi hiyo ua ulikuwa umetulia. Mama Miche, ambaye kazi yake ni kuotesha miche ya nyanya na hoho kwa wakulima wa mtaa mzima, alikuwa amechuchumaa akimwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu. Kuku walichakura kando ya ukuta. Wewe msomaji ungepita pale ungesema hii ndiyo nyumba yenye raha, na ungekosea, kwa sababu katika nyumba ile kimya ndicho kilichokuwa ugomvi wenyewe.

Mumewe, dereva mstaafu wa basi ambaye majirani walimwita Breki, alitokea na mabomba ya chuma begani. Alimpita mkewe kama mtu anayepita nguzo ya umeme, akaenda moja kwa moja barazani alipokaa mama yake mzazi.

"Mama, mwambie huyo aondoe miche yake. Banda linapita hapo."

Bibi akageuza shingo. "Mkwe wangu, umesikia?"

"Mwambie mwanao masikio ninayo. Umuulize na miche niiweke wapi, kichwani kwake?"

"Mwambie ataiweka ndani ya banda, kama wafanyavyo wenye akili zao."

Walianza kununiana siku ya kuchagua banda hilo la nailoni la kuoteshea miche. Mama Miche alitaka la wastani, lenye mlango kila upande ili hewa ipite, likae nyuma ya nyumba ambako ukuta unakinga upepo. Kabla ya kuolewa alifanya kazi kwenye shamba la miche, kwa hiyo hakuwa anabahatisha. Breki alitaka kubwa kuliko la shemeji yake, basi. Hoja nyingine hakuwa nayo. Akaagiza dude refu la kuziba ua mzima. Mkewe akauliza mbele ya wageni, "Mzee, hapa tutaotesha nyanya au tutaegesha mabasi?" Wageni walicheka mpaka chai ikawapalia. Tangu hapo Breki hakumsemesha tena, naye Mama Miche akaapa kwamba hatakuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Ndugu zangu, kiapo cha namna hiyo ni rahisi kula. Kukiishi ndiyo kazi.

Mabomba yalipokwisha kupindwa na kusimamishwa, Breki aliita vibarua waje wavalishe nailoni alfajiri, umande ungali majanini, ili majirani wakiamka wakute kazi imekwisha. Mama Miche aliwaona akiwa mlangoni mwa jikoni, akajua wanakosea. Nailoni huvutwa jua likiwa kali, ikiwa laini. Ikipoa inajikaza yenyewe. Ukiivuta kwenye baridi, joto la mchana litailegeza, na iliyolegea upepo hupata pa kuishika.

Akaenda kwa Bibi aliyekuwa akikunja nguo. "Mama, mwambie mwanao asubiri jua. Nailoni haivutwi kwenye baridi."

"Mwambie mwenyewe," Bibi alijibu. "Yuko hapo, hata ukikohoa atakusikia. Mmenifanya simu yenu, nami nimechoka."

Mama Miche akasimama. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Ndipo Breki, bila kugeuka, akamwambia kibarua mmoja kwa sauti ya kusikiwa: "Vuta hivyo hivyo. Humu ndani kuna watu wanangoja tukosee wapate cha kuchekea."

"Haya, kosea," Mama Miche akajisemea. Akarudi jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alijua miche yake yote ingelala humo, maana pengine pa kuiweka hapakubaki. Aliiingiza hivyo hivyo, kwa hasira, trei baada ya trei.

Mchana nailoni ilifanya matumbo kati ya mabomba. Breki aliyaona, akajifanya anatafuta spana. Alasiri upepo ulipoanza, nailoni ikapigapiga kama mtu anayekung'uta mkeka, kisha ukingo mmoja ukachomoka mferejini ulimofukiwa. Wote wawili walikimbia. Mama Miche alishika huku, mumewe kule. Kama mmoja angesema "legeza" au "shikilia hapo", huenda wangeiokoa. Hakuna aliyesema. Kila mmoja alivuta kwake, nailoni ikapasuka katikati yao, mabomba yakapinda na kulalia miche ambayo wakulima waliingoja kwa msimu ule. Haukupona hata mmoja wa kupanda.

Breki akawa wa kwanza kusema. "Ulijua."

"Nilijua."

"Ukaninyamazia."

"Ungeniuliza."

Bibi alifunga nguo zake alizokwisha kukunja, akahamia kwa mwanawe mwingine. Wakulima walikuja, wakatazama, wakaenda kununua kwingine, na msimu uliofuata hawakurudi. Breki na mkewe bado wanaishi humo, mmoja akila barazani na mwingine jikoni, na siku hizi hawana hata wa kumtuma.

FUNZO

Enyi mlio na wenza, kununiana si ustahimilivu wala si heshima. Ni ukatili usio na kelele. Anayechagua kitu kikubwa ili awashinde watu, bila kumsikiliza anayekijua, ni mpumbavu. Lakini anayeona kosa likitendeka akalinyamazia ili mwenzake aaibike, huyo amelitenda pia. Sema, hata kama umetukanwa. Ukishasema, ndipo unune ukipenda.