Gitaa Lisiloshika Sauti

Kila asubuhi, fundi cherehani alifanya mambo matatu kabla ya kufungua duka lake. Alifagia vipande vya vitambaa. Alitia mafuta cherehani. Kisha alishusha gitaa lake la umeme ukutani, akapiga wimbo mmoja. Yeye na gitaa hilo walikuwa chanda na pete. Alikuwa amelipiga kwenye bendi ya mtaa kwa miaka ishirini.

Lakini tangu abadilishe nyuzi, gitaa halikushika sauti. Alizikaza vizuri, na wimbo haujafika katikati zilikuwa zimeshalegea. Kwenye mazoezi ya Alhamisi, bendi nzima ilisimama mara tatu kumngoja.

Kiongozi wa bendi, mpigaji wa gitaa la besi, hakumumunya maneno.

"Dada, Jumamosi tunafungua ukumbi mpya. Gitaa lako likikorofisha tena, nitakuwekea kiti mbele, ukae na watazamaji."

Fundi alirudi nyumbani uso umemshuka. Kuondolewa jukwaani mbele ya mtaa mzima! Machozi yalimlengalenga.

"Mama, gitaa limezeeka," binti yake alisema. "Lipumzishe."

"Likipumzika, mimi nitafanya nini? Kamwite Shemeji."

Shemeji alikuwa jirani yao, fundi wa ala za muziki. Wote walimwita Shemeji, ingawa hakuna aliyejua alikuwa shemeji wa nani. Alikuja, akatazama kichwa cha gitaa, penye vigingi sita vya kukazia nyuzi. Akaanza kuhesabu. Kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Nani kafunga nyuzi hizi?"

"Mimi, kwa mikono yangu hii."

"Umezungusha mara kumi na tatu! Mbona hukukata?"

"Nikate uzi mzima mzima? Mimi hata wa urefu wa kidole siutupi. Nimeujaza wote, kama ninavyojaza uzi kwenye bobini ya cherehani."

Binti aliangua kicheko. Alilijua kopo la mama yake, limejaa vipande vya nyuzi hadi mdomoni.

"Basi ugonjwa ndio huo," alisema Shemeji. "Gitaa ni zima. Hii mizunguko imerundikana. Kila ukipiga, inasogea na kujibana, uzi unalegea, sauti inashuka. Mizunguko miwili au mitatu inatosha. Ipangike kuelekea chini, isipandane."

Fundi alitoa seti mpya ya nyuzi aliyoiweka akiba. Shemeji alifunga uzi mmoja, akamwachia tano. Ilipofika zamu ya kukata ncha zilizobaki, mkono wa fundi ulisita.

"Kata, mama!" binti yake alimhimiza.

Akapiga moyo konde, akakata.

Alipokaza uzi wa tatu, ulilia "tik!"

"Umesikia?" Shemeji alionyesha kipande cheupe chenye vijifereji sita, mahali nyuzi zinapopita kuingia kichwani. "Uzi unanasa hapa. Ulegeze, uutoe kwenye kijifereji. Halafu lete penseli yako."

Fundi alichomoa penseli sikioni. Walisugua ncha yake ndani ya kila kijifereji mpaka pakawa peusi. Nyuzi ziliporudishwa, ziliteleza bila kelele.

"Tumemaliza?"

"Bado. Kitambaa kinachonywea kikifuliwa, wewe unakishona hivyo hivyo?"

"Thubutu! Nakifua kwanza, kinywee chote, ndipo nakata."

"Basi uzi mpya nao hunyooka. Unyooshe wewe, kabla haujakunyookea jukwaani."

Fundi alishika kila uzi katikati, akauvuta taratibu kwenda juu, kisha akaukaza tena. Alirudia mara tano, mpaka sauti ikawa haishuki.

"La mwisho," Shemeji alisema. "Ukipitiliza sauti, usiishie kulegeza. Shuka chini yake, kisha panda mpaka uifikie. Hapo uzi unabaki umekaza."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa pomoni. Kile kiti kilikuwa kimewekwa mbele, kitupu, na fundi alikiona. Akapiga wimbo wa kwanza. Wa pili. Wa nne. Gitaa halikuyumba hata kidogo! Watu walisimama, wakacheza, wakapiga vigelegele. Binti yake alipiga makofi mpaka viganja vikauma. Fundi alijisikia ana miaka ishirini tena.

Walipopumzika kabla ya wimbo wa tano, kiongozi wa bendi alimsogelea. Alikuwa akitokwa jasho. Gitaa lake la besi lilikuwa limeanza kushuka sauti.

"Dada, umelifanyaje la kwako?"

Fundi alitazama kichwa cha lile gitaa, akahesabu mizunguko ya nyuzi kimyakimya. Kisha akachomoa penseli sikioni, akamwonyesha kile kiti cha mbele.

"Kaa hapo, kaka," alisema. "Nitakuonyesha."

Kiongozi wa bendi akakaa.