Simu ya Dishon

Programu ambayo Jentrix alikuwa ameizima ilikuwa inafanya kazi tena.

Kazi yake pale ofisini Kisumu ilikuwa kusimamia seva, kompyuta iliyopokea simu za dharura kutoka fuo za ziwa na kuzielekeza kwenye boti ya uokoaji. Kila programu aliiwasha na kuizima kwa amri aliyoichapa kwenye skrini nyeusi. Alichapa tena amri ya kuizima. Ikazimika. Kabla hajaondoa vidole, ikajiwasha.

"Ondiek, umegusa seva?"

"Mimi? Si unaniona nakunywa chai?" akajibu mwenzake wa zamu.

Ndipo harufu ikaingia, ya matope na magugu ya ziwa yaliyooza. Kwenye spika yakasikika maji yakigonga mbao, polepole.

Jentrix alijua ni nani. Juma lililopita alikuwa ameizima programu hiyo ya kupokea simu ili airekebishe, akaenda kula, akasahau kuiwasha. Mchana huo mtumbwi wa mvuvi Dishon Opondo ulipinduka mbele ya ufuo wa Dunga. Dishon aliushikilia mtumbwi kwa mkono mmoja, akapiga simu, akapiga tena, hadi nguvu zikamwishia, akazama. Wakubwa walipouliza, Jentrix alisema mtandao ulipotea. Akaenda hata matangani, akampa mjane pole, akala chakula chake.

Ondiek akamleta Mama Nakhungu, mwombeaji kutoka Nyamasaria. Mama alisimama mbele ya seva akakemea kwa jina la Yesu, lakini kadiri alivyokemea ndivyo mashine ilivyovuma, na maji kwenye spika yakagonga kwa kasi, na sakafu ikaanza kulowa chini ya viatu vyao ingawa hapakuwa na bomba chumbani humo, hadi sauti ya mama mwenyewe ikakauka.

"Huyu hafukuziki," akanong'ona. "Kuna mtu hapa amemkosea. Aseme ukweli."

Jentrix akachapa amri ya kupokea simu.

"Dishon," akasema. "Haikuwa mtandao. Ni mimi niliizima nikasahau. Halafu nikadanganya. Nisamehe, baba."

Maji yakanyamaza. Kisha ikaja sauti ya mtu anayetetemeka kwa baridi:

"Na wewe ni nani?"

"Usijibu! Akilijua jina lako atakufuata!" Mama Nakhungu akamvuta mkono. Lakini Jentrix aliona kumficha huyu jina ni kumdanganya mara ya pili.

"Jentrix."

Programu ikazimika. Harufu ikaondoka. Ondiek akafungua madirisha, asimtazame.

Kesho yake Jentrix alikwenda kwa mjane akamweleza yote. Mjane hakulia. Alisimama, akafungua mlango.

"Toka kwangu."

Jentrix alikuwa njiani, jua kali utosini, simu yake ilipolia mkobani. Alikuwa ameizima tangu asubuhi. Akaiweka sikioni.

"Jentrix," sauti ikasema kwa upole, "bado nimeshikilia mtumbwi. Mbona huji?"